Ni Nani Aliyechana Kurasa za Mwisho

Shughuli nzima ilinigharimu rafiki mmoja. Nimehesabu mara mbili na bado ni mmoja, kwa sababu ndiye pekee niliyekuwa naye. Vingine vilivyopotea, kurasa ishirini na nne pamoja na sifa yangu ya upelelezi, hivyo nilishakubali hasara.

Sikuwa na mpango wa kuandika haya. Nauza nguo za watoto za mitumba hapa Kawangware, kwenye stage ya matatu ya 56, na mtu wa mitumba hana nafasi ya kukumbuka mambo. Ukianza kukumbuka, mteja anaondoka na soksi mbili amelipia moja. Lakini wiki mbili zilizopita nilinunua mandazi kwa mama mmoja karibu na stage, akanifungia kwa karatasi iliyochanwa kwenye kitabu. Mafuta ya moto yakaingia kwenye wino. Ile harufu, nusu ngano nusu maandishi, wewe wa rika langu uliyekulia mitaa hii unaijua bila kuelezwa. Sikuuma mandazi. Nilisimama pale katikati ya watu nikaikunjua karatasi nikitafuta nambari ya ukurasa. Tangu siku hiyo situlii. Napanga nguo, nazipangua. Nahesabu suruali, zinakuwa kumi na tisa. Nahesabu tena, kumi na tisa. Na bado naona kuna kitu kimepungua.

Utotoni tulikaa mtaa wa Laini Saba, mimi na mama yangu, chumba kimoja hatua chache kutoka kwenye reli. Mama alitoka Kitui akiwa msichana, na alikuwa akikaanga mandazi kando ya reli kabla jua halijachomoza vizuri. Wateja wake walikuwa wale watu wanaofuata reli kwa miguu kila asubuhi kwenda kutafuta kazi viwandani, Industrial Area. Alisoma mpaka darasa la tatu. Kiswahili alikisoma kwa kuvuta, herufi moja baada ya nyingine, na Kiingereza alikiheshimu kwa mbali kama mbwa wa jirani.

Mimi nilikuwa darasa la sita likizo ile ndefu ya Desemba, mwaka ambao nyuma ya kanisa letu palifunguliwa maktaba. Naiita maktaba kwa sababu ndivyo mlango ulivyosema. Kilikuwa chumba cha mabati chenye rafu mbili, meza, viti vitano na mkeka, na vitabu vilivyoletwa kwa maboksi na watu wa ng'ambo waliokuwa, nadhani, wakisafisha nyumba. Nilivihesabu siku ya kwanza: mia moja na arobaini na sita. Nikavihesabu tena: mia moja arobaini na tano, kwa sababu kimoja kilikuwa kimekaliwa na Mwalimu Tabitha, aliyejitolea kututunza pale.

Mwalimu Tabitha ndiye aliyeleta mashindano. Kila mtoto alipewa kadi yenye visanduku. Ukimaliza kitabu unasimama mbele yake, unakisimulia kuanzia mwanzo mpaka mwisho, naye anakugongea muhuri. Muhuri wenyewe ulitoka kwenye hardware ya mumewe na uliandikwa PAID, kwa hivyo kila tulipomaliza kitabu tulionekana kama tumelipa madeni ya simiti. Sheria ilikuwa moja: bila mwisho hakuna muhuri. Atakayekuwa na mihuri mingi mwisho wa likizo angepata begi jipya la shule, kamusi nene, na madaftari kumi na mbili. Begi lilitundikwa ukutani tulione. Mimi nilikuwa nabeba vitabu vyangu kwenye mfuko wa unga.

Vitabu vingi vilikuwa vya mauaji. Usiniulize kwa nini watu wa ng'ambo wakisafisha nyumba hutoa vitabu vya mauaji. Kila mara kulikuwa na jumba kubwa, mvua, na maiti kwenye chumba cha vitabu. Tulishangaa sana kwamba mtu anaweza kuwa na maktaba nyumbani kwake na bado akapata muda wa kuua. Na mtu akishakufa, chai inaendelea kuletwa. Katika kimoja niliihesabu chai: mara kumi na moja kwa siku mbili, na maiti bado iko ndani. Kisha anakuja mpelelezi, anauliza maswali madogo madogo ya kijinga, na mwishoni anawakusanya wote chumba kimoja na kumwelekezea mmoja kidole. Hapo ndipo nilipokuwa naipenda dunia. Mtaani kwetu kitu kikipotea, kimepotea. Huko kwenye vitabu kila kitu kilikuwa na mwenyewe.

Akinyi alikuwa rafiki yangu na mpinzani wangu, tena bila kuona kwamba hayo ni mambo mawili. Aliishi na shangazi yake, msusi, upande wa Ayany, kwenye kile kijumba cha nyuma ambacho wenye nyumba hujenga wakikumbuka kwamba kiwanja bado kina nafasi. Alikuwa akisoma huku anatembea. Nilimwona akivuka mtaro wa maji machafu bila kuinua macho, mguu ukatua mahali pakavu kana kwamba mtaro ndio uliosogea.

"We Mwende, uko ngapi?" alikuwa akiniuliza kila asubuhi, badala ya salamu.

"Kumi na nne. Wewe?"

"Kumi na sita. Lakini kimoja kilikuwa na picha, so hesabu kumi na tano na nusu."

Mtu anayejikata nusu mwenyewe. Mimi ningezitetea zote kumi na sita mpaka kwa chifu.

Shida ilianza na kitabu cha lile jumba lenye mnara. Nilifika pale mpelelezi anaposema, "Muuaji yuko ndani ya chumba hiki," nikafungua ukurasa, nikakuta jalada. Hakuna kitu. Kulikuwa na vipande vidogo vya karatasi kwenye mshono, kama meno yaliyovunjika. Nilikaa kitandani nikakitikisa kile kitabu kichwa chini. Kisha nikakimbia mpaka kwa shangazi yake Akinyi.

"Akinyi, wewe si ulikisoma hiki? Nani alimuua yule mzee?"

"Daktari," akasema papo hapo. "Alibadilisha dawa. Aki, hukuona vile alikuwa anaosha mikono kila saa?"

Nikaenda kwa Mwalimu Tabitha na daktari wangu, nikapata muhuri. Juma lililofuata kitabu kingine kikanifanyia vile vile. Akinyi akaniambia ni dada mdogo. Cha tatu, ni mtu aliyedhaniwa amekufa. Kila mara aliniambia bure, huku akisuka nywele za mwanasesere wa mazoezi, na kila mara nilirudi nyumbani na muhuri pamoja na kitu kinachoniwasha. Mimi nilizaliwa sokoni. Mtu akikupa kitu bure mara tatu, unaangalia mkono wake mwingine.

Cha nne kilipokatika, sikumwuliza. Nilichukua vile vitabu vyote vinne nikavitandaza kwenye mkeka. Nyuma ya kila kitabu, ndani ya jalada, kulikuwa na kadi ya majina ya walioazima. Nikahesabu majina mara mbili, kadi kwa kadi. Watoto wengine walitokea kwenye moja au mbili. Jina la Akinyi lilikuwa kwenye zote nne, tena kila mara kabla yangu tu. Tulikuwa tumefungana ishirini na moja kwa ishirini na moja, zikiwa zimebaki wiki mbili. Nani angefaidika mimi nikikosa mwisho? Na nani pekee aliyekuwa anaujua mwisho?

Jumamosi ile nilitaka wote wakae chini, kama kwenye vitabu. Tulikuwa watoto kumi na wanne na viti vitano, kwa hivyo wengi walisimama, lakini moyo wa jambo ulikuwepo. Mwalimu Tabitha alidhani nataka kusimulia kitabu.

"Kuna mtu hapa anachana vitabu," nikasema. Nilikuwa nimeweka mikono nyuma. "Na yuko ndani ya chumba hiki."

Wengine wakacheka. Nikavionyesha vile vitabu vinne, kimoja kimoja, na kadi zake. Nikamgeukia Akinyi.

"Uliniambia ni daktari. Ulijuaje?"

"Si nilisoma?"

"Ulisoma wapi? Hizo kurasa hazipo."

"Zilikuwepo, Mwende! Mimi nikisoma zilikuwepo!"

"Eee," nikasema, na ninaikumbuka ile eee, nilivyoivuta. "Zilikuwepo ukiwa nazo wewe. Mimi nikipata kitabu hazipo."

Mtu akasema, "Ngai." Akinyi alikuwa ananiangalia mdomo wazi, si kama mtu aliyeshikwa, ila kama mtu anayengoja mwenzake amalize utani.

"Si nilikuambia kwa sababu uliniuliza?" akasema polepole. "Ningekuambia ya nini kama nataka ushindwe?"

Hilo lilikuwa swali zuri. Mpelelezi wa kweli angekaa chini alifikirie. Mimi nilikuwa nimeshaelekeza kidole.

Mwalimu Tabitha hakuwa mjinga. Aliniuliza pia, "Na wewe Mwende, si jina lako liko hapa pia?"

"Mwalimu, mimi nitachanaje kurasa ambazo ndizo nazitafuta?"

Wote wakatikisa vichwa kukubali. Ilionekana akili sana. Mwalimu akaichukua kadi ya mihuri ya Akinyi akaiweka kwenye droo, akasema mambo yatachunguzwa, na kwamba mzazi wa aliyechana atalipa vitabu vyote vinne. Jioni ile shangazi yake akaja na kitana bado kikiwa kimechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe.

"Mtoto wangu ni panya, ale karatasi?" akamwuliza Mwalimu, mtaa mzima ukisikia. "Hapana, niambie. Anazipeleka wapi? Tunakaanga?"

Laiti ningekuwa makini. Lakini nilikuwa naangalia begi ukutani. Akinyi alivutwa mkono akaondoka, na hakurudi tena pale. Baada ya siku chache nikasikia shangazi amehamia Kawangware kutafuta wateja wengine, maana wa Laini Saba walikuwa wameanza kumwuliza habari za vitabu akiwa na nywele zao mkononi.

Zawadi ilikuwa itolewe Jumamosi. Alhamisi asubuhi Mama alisahau mkebe wake wa chenji nyumbani, nikaamka nikamkimbizia kwenye reli. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye mataruma. Mbele yangu mwanamume mmoja mwenye ovaroli ya bluu alipokea mandazi, akauma, akaigeuza ile karatasi kuitazama.

"Mama Mwende, leo umenipa na somo," akasema akicheka. "Hii nitasoma nikifika kazini."

Karatasi ilikuwa imelowa mafuta hadi ikawa kama kioo. Mwanga ulipita ukaonyesha maandishi ya pande zote mbili kwa pamoja. Nikaona jina la mpishi wa kitabu changu cha nne. Nikaona nambari ya ukurasa juu kwenye kona. Yule mtu akaikunja akaitia mfukoni na kufuata reli, na mwisho wa kitabu changu ukaenda naye Industrial Area.

Nilisimama na mkebe. Mama akaniuliza kama ni mgonjwa.

"Mama, hiyo karatasi umetoa wapi?"

"Gazeti liliisha," akasema. "Hiyo ilibaki kwa zile za mwisho nilizotoa kwa kitabu chako. Tatu tu."

"Kwa nini?"

"Si wewe uliniambia?" Akageuza mandazi kwenye mafuta, hana hata wasiwasi. "Ile siku ya kwanza nilikuuliza hizi za mwisho ni za nini, ukasema ni matangazo ya vitabu vingine, hakuna mtu husoma. Nikikosa gazeti natoa tatu za mwisho. Hizo zingine sigusi, hizo ni zako."

Ilikuwa kweli. Kitabu cha kwanza kabisa nilichoazima kilikuwa na karatasi tatu za matangazo nyuma. Aliniuliza nikiwa katikati ya maiti, nikamjibu bila kuinua macho, kwa ile sauti ya mtoto anayejua Kiingereza kuliko mamake. Akaamini kwamba vitabu vyote vimeumbwa hivyo: hadithi, halafu karatasi tatu za bure. Na karatasi ya kitabu kile ni saizi ya mandazi moja kamili, haipungui wala haizidi. Vitabu vinne, karatasi tatu kila kimoja. Dazeni moja ya mandazi.

Pale kwenye reli nilipiga tena hesabu yangu ya zile kadi, na ndipo nilipoona kosa. Majina yote niliyahesabu mara mbili isipokuwa moja. Jina lililokuwa la mwisho kwenye kila kadi lilikuwa langu, na sikulihesabu hata mara moja, kwa sababu mpelelezi hajihesabu.

Nilimwambia Mama asichane tena, akasema sawa, akanipa mandazi mbili. Hakuuliza zaidi. Hakujua kwamba kuna mtoto ameshtakiwa; alikuwa akiondoka kabla ya watu kuamka na kulala kabla ya umbea kuiva. Nikarudi nyumbani nikakaa. Nikajiambia nitakwenda kwa Mwalimu Tabitha kesho. Kesho ikafika nikajiambia Mama atalipishwa vitabu vinne, na hatuna. Hiyo ilikuwa sababu ya kweli, sikatai. Lakini nilipoihesabu mara ya pili nilikuta begi limejificha nyuma yake.

Jumamosi nikaitwa mbele. Mihuri ishirini na tatu, mitatu kati yake ya vitabu visivyo na mwisho. Watu wakapiga makofi. Begi lilikuwa na harufu ya plastiki mpya. Nyumbani Mama akaipokea kamusi kwa mikono miwili, akaipima uzito, akafungua kwa nyuma taratibu.

"Hii nayo," akauliza, "mwisho ni matangazo?"

"Hapana, Mama. Hii ni ya kusoma yote."

"Nimeuliza tu," akasema, akaifunga.

Nilidhani mambo hayo yameishia pale, kama vitu vingine vya mtaani. Halafu mwaka jana nikahamisha biashara kuja 56, na saluni ya tatu kutoka kwenye kibanda changu nikamkuta Akinyi amesimama mlangoni na kitana. Alinijua kabla sijafungua mdomo.

"Si wewe ni Mwende wa Mama Mandazi? Wee! Kuja hapa, nani alikuharibu hizo nywele?"

Tangu hapo ananisuka kila mwezi. Ananipunguzia bei bila kuombwa, na mimi, ninayeweza kubishana na mwenye nyumba juu ya shilingi kumi za takataka, humwachia noti nzima na kusema sitaki chenji. Anadhani nimetajirika. Hatujawahi kutaja maktaba. Tunazungumza kodi, stima, wanaume, na mamake mtu fulani aliyefufuka Facebook. Wateja wakiacha gazeti pale yeye hupanga vifaa juu yake bila kulitazama. Msichana mmoja alimwuliza kama hupenda kusoma, akajibu, "Mimi na vitabu tulikosana kitambo," akacheka, mikono haikusimama.

Basi Jumamosi iliyopita, nikiwa kwenye kiti, binti yake wa miaka kumi akaingia na barua ya shule. Darasa lao limeanzisha mashindano ya kusoma, na wanaotaka wapeleke majina. Mtoto alikuwa amekwisha kuchagua kitabu chake cha kwanza. Mwizi wa ng'ombe anatafutwa humo. Akinyi akaisoma ile barua yote, neno kwa neno, haraka, kama alivyokuwa akisoma akivuka mtaro.

"Hapana," akasema.

"Mum, kwani kwa nini?"

"Nimesema hapana. Soma vitabu vyako vya shule, pita mtihani. Hayo mashindano najua vile huisha. Utafanyia mtu vizuri, halafu siku moja usimamishwe mbele ya watu."

Mtoto akatoka akiburuta miguu. Akinyi akaendelea kunisuka. Aliivuta ile mistari ikauma. Nikamsikia akipumua juu ya kichwa changu.

Majina yanapelekwa Ijumaa. Leo ni Jumanne. Ndiyo maana nakuandikia wewe, ambaye umefika umri wa kuwa na mambo yako uliyoyakalia: nataka ushauri, na nitaulipia ukitaka, bei tutaelewana. Nimejaribu kuligawa jambo hili mara mbili. Nusu ya kwanza ni kwamba ni Mama aliyezichana, bila kujua, na mimi nilikuwa mtoto mjinga aliyesoma hadithi nyingi. Hiyo naweza kuisema nikiwa nimekaa kwenye kiti chake, nimempa mgongo. Huenda hata tukacheka, na mtoto akapeleka jina lake. Nusu ya pili ni kwamba nilijua tangu Alhamisi, na Jumamosi nikasimama nikapokea begi. Hiyo haisemeki kwa mgongo. Naogopa nikiitoa ile ya kwanza peke yake nitakuwa nimemfanyia tena kitu kile kile, yaani kumpa kitabu kilichokatwa. Na nikizitoa zote mbili, naweza kumpoteza mara ya pili, na sina mwingine. Sasa niambie, wewe ukiwa ndiye Akinyi, na kitana kiko mkononi, ungetaka nianzie wapi?